Wanawake Waliokataa Kumjengea Warfa

Deka anauza maziwa ya ngamia hapa Balambala. Hakusoma, na sauti yake ni kubwa kuliko ninavyopenda mimi. Naandika habari zake kwa sababu alitushinda sisi wazee, na sipendi jambo hilo lisimuliwe kwa uongo.

Rukiyo alipofiwa na mume, tuliamua arithiwe na shemeji yake, Warfa, kama mama zetu walivyorithiwa. Yeye hatukumuuliza. Akaenda kumlilia Deka kwamba yeye hamtaki Warfa, anataka kubaki na watoto wake na mbuzi wake.

Deka hakuja kutupigia kelele. Kwa miezi miwili alipita nyumba kwa nyumba na punda wake wa maziwa. Wengine walimfukuza. Mke wangu, Osob, alimwambia, "Leo Rukiyo, kesho utataka tuvae suruali."

Deka akacheka. "Ya mzee wako hainitoshi, abaayo, dada yangu. Nataka neno moja tu: mjane asiyekubali, hatumjengei nyumba ya ndoa."

Kesho yake akarudi. Na keshokutwa yake. Mwishowe wanawake wakakubali, wakaweka Jumatatu kuwa siku ya kusuka mikeka pamoja, na asiyefika alifuatwa kwake.

Wiki ya harusi ikafika, mkeka wa kumjengea Warfa hakuna hata mmoja. Kwetu aqal, nyumba ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, husimamishwa na wanawake. Mwanamume hajui hata ufito wa kwanza huchimbiwa wapi.

"Basi nitajenga ya mabati," Warfa akasema.

"Unarithi mjane kwa desturi, halafu unamweka kwenye mabati kama gunia la sukari dukani?" nilimfokea. Zamani aqal ilisimama kwa asubuhi moja, wanawake wakiimba. Leo mji mzima ni joto na kutu. Nikasema hakuna aqal, hakuna ndoa, na wazee wenzangu wakaniunga mkono. Hatukuona kwamba tumejifunga wenyewe.

Tukamwita Deka aje ajenge. Alikuja na wanawake thelathini, Osob akiwa mstari wa mbele, na hakuna aliyeketi mpaka Rukiyo alipopewa mahali pa kuketi.

"Adeer," Deka aliniambia, akiniita ami kwa heshima iliyoniudhi zaidi ya tusi, "dini inasema mjane aulizwe. Muulizeni."

Sikuwa na pa kutokea. Nikauliza.

"Simtaki," Rukiyo akasema, macho yake usoni pangu.

Warfa akachukua fimbo yake, akaondoka.

Nilitabiri kwamba wanawake hao watatawanyika kabla ya mvua. Mvua mbili zimepita. Wamegombana, wawili wakajitoa, Deka akakaa mlangoni kwao hadi wakarudi. Bado wanasuka.

Jana Rukiyo alinikuta kisimani alipokuja kunywesha mbuzi wake.

"Adeer, ng'ambo ya mto kuna mjane mwingine, na wazee wamewaita ninyi mkaamue. Mtamuuliza?"

Nilitazama mbuzi wale, wamenona kweli.

"Tutamuuliza," nikasema.

"Vizuri. Sisi pia tutakuwepo."