Bei ya pikipiki ya umeme ilivyotuumbua kijiwe kizima

Leo wanaume tisa tumeaibishwa na mama muuza sangara.

Asubuhi, hapa Mirongo, muuzaji mmoja alileta pikipiki ya umeme kwenye kijiwe chetu cha bodaboda. Alipotaja milioni nne, tukapiga kelele kama tumeibiwa.

"Hela hiyo si nanunua shamba Misungwi!" akafoka Masalu, ambaye pikipiki anayoendesha ni ya shemeji yake.

Na mimi nilicheka, sikatai.

Pembeni alikuwepo Mama Nyamizi, anayeleta samaki kutoka Nansio. Akauliza swali moja tu:

"Inapanda mlima na tenga la samaki?"

Muuzaji akasema inapanda, akampa aijaribu. Aliporudi, akatoa bahasha kwenye mkoba, akalipa pale pale.

Jamani!

Masalu akajisogeza, sauti imekuwa asali.

"Shikamoo mama. Sasa si utahitaji dereva?"

"Marahaba mwanangu. Dereva ni mimi."

Akakaza kitenge, akaondoka bila hata mlio.

Haya, wenzangu mnaobishana na bei za vitu ambavyo hamkuwa na mpango wa kununua, nyosheni mikono. Wangu uko juu tayari.