Nafasi ya Mama Rehema Madhabahuni

Enzi zetu za Dandora, miaka ya tisini, Agosti ilikuwa na baridi yake na harufu yake. Asubuhi moshi wa jalala ulishuka mitaani ukakutana na moshi wa mandazi, nasi tulivuta vyote viwili bila kulalamika. Vijana wa leo wangevaa barakoa na kuupiga picha.

Asubuhi moja ya Agosti kama hiyo nilitoka nyumbani bila kujua ninakokwenda. Wenzangu walikuwa likizoni. Mimi, msichana wa miaka kumi na sita, shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili, na kazi yangu ilikuwa kufuata chochote kinachosogea. Mama yangu akiulizwa niko wapi alikuwa akisema, "Huyo nilimzaa barabarani."

Siku hiyo kilichosogea kilikuwa magodoro. Vijana kama thelathini walipita wameyajitwika, yamekunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani, wengine wakiburuta masanduku ya bati, wote wakiimba. Nikawafuata nione magodoro yanaishia wapi. Tulitembea hadi shule moja ya msingi upande wa mtaa wa Fedha, na wala hatukuuita huo mwendo. Siku hizi kijana huita pikipiki imtoe mlangoni imfikishe dukani.

Kumbe ilikuwa kambi ya vijana wa makanisa, siku saba. Langoni alikaa mama mwenye kitambaa cheupe kichwani, daftari mapajani.

"Bwana asifiwe," akanisalimu.

"Fiti," nikajibu.

Walio nyuma yangu walicheka hadi magodoro yakawaanguka. Yeye hakucheka. Alitazama miguu yangu yenye vumbi, akauliza ninatoka kanisa gani. Nikamwambia lile la Dandora. Akasema Dandora ina makanisa mengi kuliko vibanda vya sukuma wiki. Nikajaribu tena: lile la mabati. Akainamisha kichwa, akaandika polepole: Kanisa la Mabati. Kisha akanielekeza jikoni, kwenye githeri, mahindi na maharagwe yenye wadudu wachache, na chai iliyonuka moshi. Nakwambia, sijawahi kuonja chai kama ile tena.

Huyo ndiye Mama Rehema. Yeye na mumewe, Mchungaji Wafula, ndio waliokuwa wameitwa kutuhubiria. Mchungaji alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, mikono ya koti ikimwishia juu ya kifundo, na siku za kazi alikuwa kiwandani Baba Dogo. Mama alizaliwa Makadara na wazazi waliotoka Murang'a. Sheng, lugha yetu ya mitaani, aliinyonya pamoja na maziwa.

Na hapo ndipo palikuwa na utamu wa mahubiri yao. Mchungaji alisema sentensi moja kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi, kisha akafunga mdomo. Mama, aliyesimama kushoto kwake, akaisema upya kwa lugha yetu. Mchungaji akisema Petro alilia kwa uchungu, Mama anasema, "Msee Petro akalia mbaya." Tulikuwa tumezoea makanisa ambako vijana husinzia wakiegemeana. Pale hakuna aliyesinzia. Mimi niliyekuja kuangalia magodoro nilikaa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila jioni nilijishangaa kwamba miguu haijaniwasha.

Siku ya nne walitusimulia habari za Eliya, alivyokimbia nyikani, akachoka, akaomba afe. Mama akasema, "Eliya akachapa kabisa. Akaambia Mungu, wacha nidedi tu."

Ukumbi ulicheka, kisha ukanyamaza, maana wengi wetu tulikuwa tumeshawahi kusema hivyo kimoyomoyo. Lakini Mzee Haroni, mwenyekiti wa kamati ya kambi, alisimama pale pale.

"Nabii hadedi," alisema. "Anayededi ni mbwa."

Ibada ikakatizwa. Adhuhuri tuliambiwa kwamba kuanzia kesho Mchungaji atahubiri peke yake. Kiswahili kinatosha, Mzee alisema, na madhabahu si kituo cha basi.

Kesho yake Mama Rehema aliketi kwenye benchi la akina mama, mikono imekunjwa, midomo imebana. Mchungaji alianzia alipoachia.

"Malaika akamgusa Eliya," alisema, akanyamaza. Ilikuwa mazoea ya miaka. Kila baada ya sentensi aliacha nafasi, na ile nafasi ilibaki tupu, tukisikia kunguru wakiparura bati. "Akamwambia aamke ale, kwa kuwa bado ana njia ndefu." Akanyamaza tena. Safari hii aligeuka kushoto, akakuta hewa.

Sikuweza kuvumilia. Nikasema kutoka nyuma, "Amka udishi, msee. Rodi bado ni mrefu."

Kicheko kilichotoka hapo nadhani kilisikika uwanja wa ndege. Mzee Haroni akaitisha daftari, akauliza jina langu, akasoma kwa sauti, "Kanisa la Mabati," kicheko kikarudi upya. Mzee hakucheka. Aliniambia nitoke kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimetoka mahali pengi maishani kwa hiari yangu, na hii ilikuwa mara ya kwanza kutamani kubaki. Nilitaka kujua kama Eliya aliamka.

Mchungaji alifunga Biblia yake.

"Mzee wangu," alisema bila kupaza sauti, "huyu mtoto amesikia kwa sababu ya mke wangu. Mimi peke yangu nasema nusu. Mrudishie nafasi yake, ama turuhusu twende."

Mzee alilikunja daftari. "Basi nendeni kwa amani," akasema.

Mama Rehema aliinuka benchini, akajifunga leso vizuri kiunoni, akaenda kukunja godoro lao.

Tulitoka langoni watu watatu, mimi na sanduku lao kichwani. Njiani niliuliza kuhusu Eliya. Mchungaji akaanza, Mama akamalizia, hivyo hivyo hadi tukavuka mto. Aliamka, akala.

Leo kambi za vijana hufanyika hotelini, kuna bwawa la kuogelea na skrini kubwa, na hata maaskofu husalimu watu kwa "niaje." Hakuna anayefukuzwa. Mimi hucheka nikiwasikia. Sheng yenyewe imenikimbia. Nikisema "kudishi" watoto wa dada yangu huniuliza hicho ni Kiswahili cha nchi gani.

Siku ile tulifika Lucky Summer, mtaani kwao, saa kumi. Nilikuwa sijawahi kukanyaga huko, ingawa ni ng'ambo tu ya kwetu. Walikuwa na chumba kimoja chenye pazia katikati. Mama Rehema alisema kesho tutakwenda pamoja kumwona mama yangu. Kisha akanionyesha kitanda cha binti yao Rehema, ambacho tungelala wawili.

Tangu hapo nimelala Nakuru, Kitale, Voi, na miji mingine niliyosahau majina ya mitaa yake. Siku hizi, kabla mgeni hajaketi, huulizwa kitambulisho na atakaa siku ngapi. Mama Rehema aliniuliza kama ningependa kulala upande wa ukuta.