Sura ya Marehemu Mwalimu

Kazi ya kwanza aliyopewa katika ulimwengu wa filamu ilikuwa kushika taa, na jina likamganda: Mshika Taa. Mpiga picha wa harusi aliyemwajiri alimwambia bila kupepesa, "Kamera ni nzito kwa mkono wa kike. Wewe nishikie taa."

Ajabu ya watu! Mkono ule ule ulioonekana dhaifu kwa kamera haukuonekana dhaifu kwa taa ya chuma, nguzo zake tatu, furushi la nyaya na betri yenye uzito wa mtoto wa darasa la kwanza. Vyote hivyo alivipandisha ngazi za kumbi, huku bwana mkubwa akitangulia na kamera iliyomwenea kiganjani.

Lakini aliyeshika taa ndiye anayejua inamulika wapi. Alijifunza uso upi wa kusubiriwa mpaka chozi litoke, na mjomba gani wa kuepukwa akianza kucheza. Siku moja tumbo lilimkamata bwana mkubwa katikati ya sherehe, akapotelea msalani. Mshika Taa akaiokota kamera kitini, akapiga picha mpaka keki ikaliwa yote. Bibi harusi alipoutazama mkanda alilia kwa furaha, akasema hajawahi kujiona mzuri vile. Bwana mkubwa akaweka mkono kifuani. "Nilikuwa naumwa, ila nilijikaza." Mshika Taa alikuwa amesimama pale pale, kamshikia taa.

Akaacha kazi wiki hiyo hiyo. Akanunua kamera iliyotumika, akaanza na harusi za watu wasio na uwezo wa kumlipa bwana mkubwa, usiku akijifundisha kuunga picha kwenye kompyuta ya kuazima. Na ukoo nao haukukosa la kusema. Baba yake mdogo alifika nyumbani akiwa na uso wa kikao. "Shemeji, binti wa mwalimu mkuu anazurura mitaani na wanaume na nyaya! Kaka angekuwa hai, angevumilia?"

Mama yake Mshika Taa, mkunga mstaafu ambaye hakuwahi kumwogopa mtu, maana wote aliwaona wakija duniani uchi, akammiminia chai kwanza. "Wangu anazurura na nyaya, shemeji. Wako anazurura na nini?"

Baba mdogo akanywa chai, akaaga.

Hata hivyo Mama naye alikuwa na mpaka wake, na mpaka huo ulining'inia ukutani sebuleni: picha ya marehemu mumewe, mwalimu mkuu wa shule ya mtaa ule, tai shingoni, kalamu mbili mfukoni. Mama aliifuta kila asubuhi kabla hajafuta meza. Kwa hiyo Mshika Taa alipoomba sebule ile kwa ajili ya filamu yake ya kwanza, na picha pia, Mama aliuliza kwanza.

"Inahusu nini?"

"Muuguzi anayekataa kuficha wizi wa dawa hospitalini. Mwishoni anarudi kwao, anasimama mbele ya picha ya baba yake, anasema, 'Baba, sikuiba, na sikunyamaza.'"

Mama akaitazama picha, kama anayeomba ruhusa. "Basi sawa. Lakini nisikilize. Baba yako asiingizwe kwenye upuuzi."

"Hataingizwa, Mama."

Filamu ilimla miaka, na ilikula harusi zote alizopiga. Ilipokamilika hakukuwa na mlango wa kuipeleka sokoni ila mmoja, ofisi ya Msambazaji, ambako kila bango ukutani lilikuwa na sura yake, kubwa kuliko ya waigizaji. Alimkaribisha kwa "dada yangu" nyingi. Akaichukua filamu, akaomba na picha zote ambazo hazijaungwa, eti za kutengenezea tangazo. Mshika Taa akampa. Atajuaje? Mwenye duka akikuomba kipimo cha nguo yako, humdhanii kwamba anakwenda kumvalisha kichaa.

Mama ndiye aliyeiona kwanza. Alikuwa kwa fundi cherehani, kitambaa kiko mezani, televisheni inaongea peke yake kwenye kona. Fundi akacheka, sindano mdomoni. "He! Mama Mwalimu! Kumbe mzee wetu alikuwa na mambo?"

Mama akageuka. Pale kwenye kioo kulikuwa na sebule yake, na picha ya mumewe, na muuguzi amesimama mbele yake. Midomo ilikuwa ya muuguzi, lakini sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, ikisema, "Wewe mzee ndiye uliyenirubuni kwa pesa zako, ukaniacha na mimba!"

Mama aliondoka bila kitambaa na bila kuaga, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kutoka kwa watu bila kuaga.

Mshika Taa alimkuta ameketi chini ya picha, mikono mapajani.

"Uliniambia nini kuhusu baba yako?"

Hakuelewa, mpaka alipoitazama mwenyewe kazi yake, iliyochinjwa na kuungwa upya na Msambazaji. Dawa zilizoibwa hazikuwemo tena. Hospitali ilibaki kuwa mahali pa kukutania wapenzi. Na mwanamume aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa mtaa ule bila kugusa hata senti ya shule, sasa alikuwa mzee mkware, tai shingoni, kalamu mbili mfukoni.

Kesho yake asubuhi alikuwa mbele ya meza ya Msambazaji.

"Yule ni baba yangu mzazi!"

"Dada yangu, kwenye filamu hakuna baba wa mtu. Kuna picha."

"Nani alikupa ruhusa ya kubadili maneno?"

"Soko." Msambazaji akacheka mpaka kiti kikalia. "Muuguzi hataki hongo! Nani atatoa hela yake kumtazama mtu mwaminifu? Watu wanataka utamu." Alipoona mwanamke hachekeshwi, akashusha sauti. "Haya, tusikosane. Nitamziba mzee sura, iwe ukungu tu. Na filamu yangu ijayo uongoze wewe, kamera mpya, waigizaji wakubwa. Chako wewe ni kukaa kimya tu."

Tusimwonee: alishawishika. Miaka yote ya kubeba nguzo za watu, na sasa mlango umefunguliwa wazi. Alikwenda nyumbani na ahadi ile kama mtu aliyebeba yai, akamweleza Mama.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Kumziba sura," alirudia polepole. "Mwanangu, kwenye taarifa ya habari, wanaozibwa sura huwa ni akina nani?"

"Washitakiwa, Mama."

"Eeh."

Hapo neno likaisha. Akampigia Msambazaji simu, akamwambia abaki na kamera yake mpya.

"Chema chajiuza, dada," Msambazaji akamkejeli. "Kibaya ndicho chajitembeza. Haya kitembeze hicho chako, tukuone!" Na kabla ya wiki kuisha, hapakuwa na duka mjini lililokubali kugusa kazi ya Mshika Taa.

Akakitembeza, nakala ile ya kwanza aliyobaki nayo. Alianzia shuleni kwa baba yake, ambako mwalimu mkuu wa sasa, mwanafunzi wa marehemu, alimpa ukumbi Jumamosi mchana. Madirisha aliyaziba kwa maboksi, ukuta ukapakwa chokaa. Watu wakajaa, wengine wakiwa wamekuja kumcheka tu. Fundi cherehani alikuja na kitambaa cha Mama, amekishona tayari, hajui auweke wapi uso wake. Mama alikipokea, akamwonyesha kiti.

Filamu ikaenda mpaka ile sebule. Sura ya Mwalimu ikajaa ukuta mzima, na muuguzi, kwa sauti yake mwenyewe safari hii, akasema, "Baba, sikuiba, na sikunyamaza."

Mzee mmoja safu ya katikati akasimama wima, mikono ubavuni, kama walivyozoeshwa zamani Mwalimu akiingia darasani. Akasimama mwingine, na mwingine, watu wazima wenye mvi na vitambi vyao.

"Kaeni, hatuoni!" wakalalamika wa nyuma.

Hakuna aliyekaa.

Msambazaji hajaomba radhi hadi leo, na ile takataka yake bado inauzwa. Hakuna aliyemgusa, watu wa aina yake huitwa wajanja, na anayelalamika huitwa mkorofi. Mshika Taa amerudi kwenye harusi, safari hii kamera mkononi, na kila anapopata nafasi anaihamisha filamu yake kutoka ukumbi hadi ukumbi, miji ambako hata hamjui mtu.

Haendi peke yake. Mlangoni huketi Mama, nguo yake imenyooka, picha ya mumewe imesimama magotini. Mtu akitaka kupita kwa haraka, Mama humzuia kwa mkono.

"Subiri, mwanangu. Huyu alikuwa mwalimu. Mtazame vizuri kwanza, ndipo uingie."