Mwizi Hakunji Mashuka

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, toroli la kwanza linashuka kutoka wodi ya wazazi likiwa limejaa pomoni. Mwanamke mfupi mwenye aproni ya plastiki analipokea mlangoni kwa bashasha, utadhani limeleta wageni wa harusi. "Karibuni, karibuni!" anayaambia mashuka. Wenzake wawili wanaangua kicheko. Wamemzoea.

Hiki ni chumba cha kufulia cha hospitali, ghorofa ya chini kabisa, hakina dirisha. Mashine ziko nne, nzima ni mbili. Joto la kikaushio linakukumba usoni kabla hujavuka kizingiti. Kwa siku yanapita hapa mashuka mia sita, na kwa miaka kumi na saba mengi yamepita mikononi mwa mama huyu. Hospitali nzima inamwita Mama Mashuka, kuanzia mganga mkuu hadi mfagizi, na yeye mwenyewe akipiga simu hujitambulisha hivyo hivyo.

"Mimi nikilitazama shuka tu, najua," anasema huku akitenga yenye damu na kuyatia kwenye beseni la maji baridi, maana ya moto huigandisha damu isitoke tena. "Najua mgonjwa alilala au aligaagaa. Najua kama aliondoka mbiombio au kwa nafasi yake."

Ujuzi huo wa mashuka ndio uliotikisa nyumba yake Pasaka hii.

Miaka sita iliyopita binti yake wa mwisho, mwenye umri wa miaka tisa, alifariki katika wodi ya watoto, ghorofa mbili juu ya mashine hizi. "Shuka la kitanda chake lilishuka kesho yake kwenye toroli kama mengine," anasema. "Wenzangu walitaka kulificha. Nikawaambia leteni. Nililifua mwenyewe, nikalinyoosha mwenyewe." Anajipangusa uso kwa kiwiko, kisha anaendelea na kazi.

Yeye alishikamana na kanisa lake. Mumewe, mlinzi wa geti, hakuweza. Tangu siku ya maziko hakukanyaga tena kanisani, wala makaburini.

"Aliniambia, mama watoto, nenda kasali, sikukatazi. Ila habari za kufufuka usiniletee. Aliyekwenda amekwenda." Anatikisa kichwa. "Kilichoniuma si kugoma kusali. Kilichoniuma ni kwamba mimi mwanangu namngoja, yeye hamngoji tena. Tunalala kitanda kimoja, kila mtu na msiba wake."

Wiki mbili kabla ya Pasaka, mchungaji alimwomba atoe ushuhuda katika ibada ya alfajiri. Dakika kumi, mbele ya watu wote, mtu ambaye maishani mwake hajawahi kushika kipaza sauti! Lakini alikubali, akaanza kufanya mazoezi nyumbani kila jioni, pasi mkononi, Maandiko yamefunguliwa pembeni ya meza. Mumewe alikaa kwenye kigoda akipiga buti zake rangi na kujifanya hasikii.

Alianza na anachokijua. Wanafunzi wa Yesu wanaingia kaburini mbio, wanakuta sanda imelala pale, na ile leso ya kichwani imekunjwa, imewekwa kando peke yake.

"Hapo ndipo mimi nilipoamini!" anapaza sauti kushinda mashine. "Watu wanadai mwili uliibwa. Jamani, mwizi gani anakunja nguo? Mwizi anabeba mzigo na shuka lake, anatimua mbio. Aliyekunja ile leso hakuwa na haraka na mtu. Aliamka, akapanga vitu vyake, akatoka."

Alipoyasema hayo nyumbani jioni moja, mumewe alijibu bila hata kuinua uso: "Labda alikuwa mwizi nadhifu."

Mama Mashuka anakiri kwamba nusura amrushie pasi. Badala yake alicheka, akaendelea kusoma: walinzi wa kaburi wanakwenda mjini kueleza yaliyotokea, wakubwa wanawapa fedha, wanafundishwa cha kusema. Semeni wanafunzi wake walikuja usiku wakamwiba, sisi tukiwa tumelala.

Buti likaanguka sakafuni.

"Rudia hapo," mumewe akasema.

Akarudia.

"Walisema walikuwa wamelala?"

"Ndivyo."

"Na wakasema walioiba ni wanafunzi?"

"Ndivyo, baba."

"Wamelala, wamewaonaje?"

Mwandishi alimfuata mzee huyo kwenye lindo lake la sasa, geti la jengo la ofisi, ili aeleze mwenyewe kilichomfanya ashtuke vile. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akacheka kwa aibu. Miaka kumi na miwili iliyopita, alipokuwa akilinda ghala la vipuri, usingizi ulimzidi. Alipoamka kufuli limevunjwa. Kwenye daftari la matukio akaandika kwamba alipitiwa na usingizi kidogo kwa sababu ya dawa ya mafua, na kwamba wezi walikuwa watatu, mmoja wao akichechemea.

"Bosi alisoma mara mbili, akaniuliza swali moja tu. Ulikuwa umelala, huyo wa kuchechemea ulimwona kwa jicho lipi?" Alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. "Nilitaka nionekane mkweli kwa kukiri usingizi, halafu nionekane hodari kwa kuwaona wezi. Huwezi kupata vyote viwili, ndugu yangu. Sasa mke wangu anasoma habari za wale walinzi, nikasema lo! Ripoti hii naijua. Niliiandika mimi! Na kitu kidogo juu yake wamepewa! Nimelinda mageti miaka ishirini na mitatu. Uongo wa mlinzi naunusa kwa mbali."

Siku ya nne baada ya jioni ile, mkewe akiosha vyombo, mzee akamuuliza: "Sasa kama hakuibwa?"

"Nilizidi kusugua sufuria," anasema Mama Mashuka. "Niliogopa hata kukohoa. Nikasema moyoni, Bwana, hapa maliza mwenyewe."

Alfajiri ya Pasaka kanisa lilifurika hadi barazani. Mama Mashuka alisimama, kipaza sauti mkononi. Habari ya leso aliipitia vizuri, akina mama wakapiga vigelegele. Alipofika kwa walinzi, maneno yakampotea.

Ndipo sauti nzito ikatoka mlangoni: "Walikuwa wamelala, wamewaonaje?"

Vichwa vyote vikageuka. Alikuwa mumewe, sare kamili, filimbi kifuani, ametoka zamu moja kwa moja. Mchungaji akamwita mbele. Akaisimulia ripoti yake ya ghalani bila kujificha, mpaka na yule mwizi wa kuchechemea, watu wakashika mbavu. Kisha uso ukambadilika.

"Mimi nilidanganya nikafukuzwa," akasema. "Wale walidanganya wakalipwa. Lakini uongo ni uleule. Basi hakuibwa. Basi yu hai!"

Kwaya haikungoja kuambiwa. Wazee walirukaruka, watoto wakapanda juu ya mabenchi, mchungaji akasahau kabisa mahubiri yake. "Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja," anasema Mama Mashuka, na hata leo, shuka likiwa mkononi, anafanya vyote viwili.

Tangu siku ile mzee hanyamazi. Madereva wanaopita getini kwake wanahojiwa kuhusu kaburi kabla ya kuulizwa vitambulisho. Wakati wa mapumziko anasoma, na sasa amefika pale Yesu anapoinua mikono kuwabariki wanafunzi na kuchukuliwa juu. Hapo ndipo anaposhindwa kukaa kitini.

"Alikwenda na mwili!" anasema, akigonga meza ya lindo. "Na mikono ileile yenye alama za misumari. Hakuuacha huku."

Alhamisi ya Kupaa wote wawili wameomba ruhusa kazini. Baada ya ibada watakwenda makaburini pamoja, na kwa mzee itakuwa mara ya kwanza tangu maziko. Mwandishi alimuuliza kama ana uhakika atamudu. Alisimama kwanza, akafungulia gari moja, akarudi.

"Mimi niulize habari za mageti," alisema taratibu. "Mtu anaweza kuja na barua, na cheo, na kelele, nikamwambia subiri hapo nje. Lakini akisema nina mtu wangu ndani, na huyo mtu akatoka akaniambia huyu ni wangu, mimi ni nani nimzuie? Nafungua. Sasa Bwana ameshaingia mbinguni, yuko ndani. Na mwanangu alikuwa akimwita kwa jina kila usiku kabla ya kulala."

Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Basi mwanangu hakusimamishwa getini. Alhamisi nakwenda kumwambia anisubiri."