Amana Niliyoiweka kwenye Diski Mbili

Najua utasema nilikuwa na homa. Homa alikuwa nayo mwanangu, si mimi. Utasema nililala nikaota. Basi nieleze mtu anaotaje akiwa amesimama mlangoni, mchana kweupe, bisibisi mkononi. Haya yamenipata nyumbani kwangu Rebero, hapa Kigali, na mume wangu Issa yupo hai, nenda ukamuulize. Mimi nauza vitenge. Ningetaka kudanganya watu, ningedanganyia huko dukani, angalau ningepata kitu.

Chanzo ni kanda za baba. Baba yangu alikuwa fundi cherehani Biryogo, na alikuwa na ugonjwa wa kujirekodi. Radio kaseti mezani, mguu kwenye pedali, anashona huku anasimulia. Kila kanda inaanza na bismillahi, kisha anakohoa, kisha anaeleza jinsi babu yake alivyotoka pwani na bidhaa kichwani, akafika huku, akaoa, akasahau kurudi. Chini ya maneno unasikia cherehani. Na katikati ya hadithi tamu kabisa anageuka kugomba: "Funga mlango huo, kuku wanaingia!" Tulikuwa tunacheka hadi tunashika mbavu. Alifariki kabla sijamzaa Shamsa, binti yangu wa pekee, na zile kanda ndizo zilizobaki za sauti yake.

Zilipoanza kuota ukungu nikasema hapana. Nikaamua kuunda kompyuta ya kuzitunza. Issa ni dereva wa lori, na yeye akirudi safari hana haja nyingine ila filamu za mapigano. Basi nikataka sanduku moja lifanye kazi zote mbili: litunze mafaili ya nyumba nzima, kila mtu ayafikie kwa simu yake, na hapo hapo lichezeshe filamu kwenye televisheni ya sebuleni. Wenyewe wanaita seva. Nilinunua kompyuta kuukuu ya ofisini, nikajifunza kwa video za simu wateja wakiwa hawapo, nikaunguza kifaa kimoja, nikalia, nikanunua kingine. Nikaweka feni kubwa inayozunguka polepole ili isitupigie kelele tukitazama. Kabati lake nililichongesha kwa seremala wa Gisozi, kwa mbao ngumu iitwayo libuyu, na matundu nyuma ya kupitishia hewa. Fundi aliyaangalia yale matundu akaniuliza, "Mama, humu iko ya kufuga nini? Sungura?"

Ndani yake nikaweka diski mbili pacha. Kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye ya pili papo hapo, ili moja ikifa nyingine ibaki. Nikajiona mjanja sana. Nikazichezesha kanda za baba moja moja, nikaziingiza zote. Nyingine zilikatika pale pale zilipokuwa zinaimba mara ya mwisho. Nikazitupa zote, maana nilikuwa nazo mara mbili, sivyo? Ningezitunza mahali pa tatu nisingekuwa nakusimulia haya.

Sasa sikiliza. Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile ya mwisho wa mwezi, ambapo asubuhi watu wote wako nje na majembe, wanazibua mitaro na kufyeka, na magari hayatembei. Issa alikwenda. Mimi nilibaki kwa sababu Shamsa alikuwa na mafua na homa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na udongo wa njia yetu unaujua ukilowa, unakuvua kiatu. Nilikuwa nafunga kabati la seva nikasikia sauti ya mwanamke.

"Hodi, wenyewe!"

Nani Kigali anabisha hodi namna hiyo? Nikafungua. Bibi mmoja wa makamo, kanga mbili, viatu vyeupe vya kitambaa. Vyeupe kweli, havina tone la tope. Niliviona, na sikuwaza kitu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ambayo sijaisikia tangu baba afe. Sisi hapa Kiswahili chetu tunakikatakata, tunakichanganya na Kinyarwanda, twende. Yeye alikisema chote, kimenyooka, cha huko walikotoka wazee wetu. Niamini, nilifurahi. Nilimkaribisha kama shangazi.

Chai alikataa. Akakaa kwenye kochi akiitazama televisheni iliyozimwa.

"Mwanangu, nimesikia una chombo cha kuhifadhi," akasema. "Nami nina kitu changu kidogo. Niwekee, ni amana. Siku nikikihitaji nitakifuata."

Amana, unaelewa? Watu walikuwa wakimletea baba amana zao, nguo za harusi, vyeti, hata ufunguo wa nyumba, na hakuwahi kufunua hata kimoja. Mimi binti yake ningesemaje? Sikumuuliza kitu hicho ni nini. Sikumuuliza hata jina. Nikasema, "Ipo salama, bibi." Akafungua fundo la pembe ya kanga, akatoa flashi nyeusi. Ndani mlikuwa na video moja tu. Nikainakili, nikamrudishia flashi yake, akaaga, akambusu Shamsa kwenye utosi na kutoka.

Issa aliporudi na matope hadi magotini nikamwambia tulikuwa na mgeni.

"Mgeni gani? Amepita wapi?" akaniuliza. "Sisi wote tulikuwa iko pale chini kwenye njia. Hakuna mtu amepita, hata mbwa."

Nikamwambia labda hamkuangalia vizuri. Tukayaacha hapo.

Programu ya filamu ina tabia moja. Ukiweka video mpya, yenyewe inachukua picha humo ndani na kuibandika kwenye televisheni, kama jalada la kitabu, ili uijue kabla hujaifungua. Mimi sikuifungua, naapa. Lakini jioni Issa alipowasha televisheni atafute filamu yake, jalada la ile video lilikuwa hapo katikati ya mengine. Lilikuwa picha ya sebule yetu. Kochi letu, zulia letu, pazia nililolishona mwenyewe. Limepigwa kutokea kwenye televisheni, na ndani hamna mtu.

Nikajiambia bibi alipiga picha alipokuwa amekaa. Alipigaje akiwa kwenye kochi, na picha inatoka upande wa pili? Hilo nililiwaza baadaye, kitandani, na usingizi ukaruka.

Kesho yake jalada lilikuwa limebadilika. Yule bibi amekaa ukingoni mwa kochi. Baada ya siku chache, Shamsa yuko kwenye zulia anachora, na bibi amesogea. Kisha amesogea tena. Kila nikiwasha televisheni mkono wake uko karibu zaidi na kichwa cha mwanangu, na hakuna siku niliyomwona akisogea. Nikigeuka, kochi ni tupu. Nikiangalia mbele, amekaa.

Na Shamsa akabadilika. Mtoto wa miaka mitano, mdomo wote Kinyarwanda, Kiswahili ananijibu nusunusu. Siku moja nampa chakula ananiambia, "Ahsante mama, nimeshiba, Mola akujaalie." Issa alicheka. Mimi nikaweka sahani chini.

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Bibi wa kwenye tivii."

Kuanzia hapo hakula. Mafua yalipona lakini usingizi ulimzidi, analala macho nusu wazi, ukimwita anaitika baada ya muda mrefu. Zahanati walimpima damu, wakampima kila kitu, wakasema hana ugonjwa. Nikarudi nyumbani nikaifuta ile video, amana au si amana. Ikafutika. Nilipowasha tena ikawa imerudi. Nikachomoa diski moja, nikaifuta kwenye iliyobaki. Nilipoirudisha ile pacha yake, video ikarudi nayo. Najua diski hazifanyi hivyo. Nakuambia zilivyofanya.

"Hili sanduku tulitupe!" Issa akasema. "Kesho, mtoni!"

"Baba yangu yumo humo."

"Na mtoto wako yuko wapi?"

Nilimchukia Issa siku ile. Nilikuwa namsikiliza baba kila jioni nikiwa jikoni, vipokea sauti masikioni, na sikuweza kufikiria nyumba isiyo na kile kikohozi. Nikasema nipe siku mbili ninakili kanda. Nikanunua flashi mpya, nikanakili. Nilipofungua nisikie, humo ndani hamkuwa na baba. Ilikuwa ile sebule yetu, na Shamsa amepakatwa.

Umuganda ukafika tena. Issa hakutaka kwenda, lakini mkuu wa mtaa alipita mlango kwa mlango, nikamwambia nenda, usituongezee maneno. Njia ikanyamaza. Nilimlaza Shamsa kwenye kochi, nikachukua bisibisi, nikapiga magoti mbele ya kabati. Bado sikuwa nimejua nitafanya nini.

"Hodi, wenyewe!"

Viatu vile vile, vyeupe.

"Nimeifuata amana yangu, mwanangu."

Nikampa ile flashi niliyonunua, maana video yake ilikuwemo. Hata hakuipokea.

"Hiyo ni picha yake," akasema kwa upole. "Uliiweka wapi?"

"Kwenye diski."

"Ngapi?"

Nikamwambia mbili. Nikamwambia humo mna sauti ya baba yangu, marehemu, sina nyingine, anipe saa moja tu, anipe hata kanda moja. Nilimlilia bibi yule kama mtoto. Hakukasirika.

"Amana hurudi pamoja na ilicholala nacho," akasema. "Chagua utakachobaki nacho wewe."

Akamtazama Shamsa. Mwanangu, ambaye tangu jana hakuwa ameinuka, akainuka. Akateremka kwenye kochi macho nusu wazi, akatembea hadi kwake, akamshika kanga.

Sikumbuki nilivyozifungua zile skurubu. Nakumbuka nilichanika kidole. Nilichomoa diski zote mbili, bado zina joto, nikamwekea mikononi. Alizifunga kwenye pembe ya kanga, fundo moja, na diski zile ni nene kama sabuni ya mche, lakini fundo lilikuwa dogo tu. Akamtoa Shamsa mkono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Akashukuru. Nilikimbilia mlangoni: njia yote tope, hamna unyayo hata mmoja.

Nyuma yangu nikasikia, "Mama, ndashonje."

Anasema ana njaa, kwa Kinyarwanda chake. Nilimpikia uji huku machozi yanaingia kwenye sufuria, na alikunywa vikombe viwili.

Ungetaka kiishe hapo, na mimi ningetaka. Kabati liko pale pale, tunawekea viatu. Shamsa ameanza shule, ana kelele, mzima kabisa. Lakini kila Jumamosi ya umuganda, magari yakinyamaza, kutoka mahali fulani mlimani nasikia cherehani. Kisha bismillahi. Kisha kikohozi. Issa naye amesikia, ametembea na jembe lake hadi Kagarama akitafuta nyumba inayopiga, na sauti haikaribii wala haiendi mbali. Miezi ya kwanza nilishukuru. Nilikuwa nakaa barazani na kulia kwa raha, nikisema afadhali kuna mtu anamsikiliza.

Umuganda uliopita alikuwa anasimulia ile ya babu yake na bidhaa kichwani. Naijua neno kwa neno. Akafika katikati, akageuka kugomba:

"Shamsa, funga mlango huo, kuku wanaingia."

Jina la Shamsa halimo kwenye kanda yoyote. Baba hakumjua. Na Shamsa, aliyekuwa sakafuni anachora, aliitika "Naam, babu," akainuka, akaenda kuufunga.

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliye na chombo chako sebuleni unachojivunia. Mtu akija na kitu akakuambia mwekee, usione haya: muulize ni nini, katoka wapi, na atakifuata lini. Angalia na viatu vyake. Na vya wafu wako vitunze mbali na vya wageni, maana mimi sasa sijui baba anamwita mwanangu kwa mapenzi au kwa kutumwa. Jumamosi hii ni umuganda. Issa ataenda na jembe lake. Mimi nimenunua kufuli la mlango, Shamsa asije akaitwa akatoka, na ufunguo nitaulalia.