Masomo Yaliyobaki Ndani ya Mashine

Mume wangu alipopatwa na kiharusi tulikuwa tunafundisha sekondari moja Murungu, wilayani Kibondo. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yakampotea kabisa. Alikuwa mwalimu wa historia. Kwa kuwa walimu hatukutosha, alikuwa amejirekodi kwenye laptopu yake akifundisha, ili kidato cha nne wajisomee hata asipokuwepo. Binti yetu alikuwa hajaanza kutambaa. Nikajisemea, basi, huyu atamsikia baba yake humo.

Mashine ikaanza kusumbua baada ya kuwekewa programu endeshi mpya pale Kibondo mjini. Ukiiwasha, chini inachemka kama pasi, halafu inazima kabla video haijafunguka. Nikamwacha mume wangu kwa jirani, nikambeba mtoto mgongoni, nikapanda basi la Kasulu.

Fundi alikuwa Mkongo, mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, aliyejishikiza kwenye kibanda cha simu karibu na soko. Aliifungua, akapuliza vumbi, akaigusa feni ndogo ya kuipoza kwa ncha ya bisibisi. Ikazunguka.

"Ventilateur, hii feni, iko muzima, mama," alisema. "Ni masini ndiyo haiione."

Akanieleza polepole. Feni haijiamulii. Kuna programu ndogo, draiva, inayoipelekea amri izunguke taratibu au kwa kasi. Walipobadilisha programu endeshi, draiva ile haikurudishwa. Feni ikabaki inajikokota huku mashine ikiungua. Akaitafuta kwa modemu, na mtandao siku hiyo ulikuwa wa kubembeleza. Alasiri tukaipata. Akaiweka, akaipandisha kasi hadi mwisho.

Feni ikavuma. Niliweka kiganja pembeni. Ukatoka upepo wa moto, kisha wa vuguvugu. Machozi yakanitoka kabla sijaona chochote.

"Tungoje kwanza, mama."

Majina ya masomo yote yalikuwepo. Alifungua la kwanza. Uso wa mume wangu ukatokea, ameshika chaki, mdomo wazi kama anayetaka kuanza, na picha ikaganda hapo hapo. La pili likakataa. Ndani ya mashine pakasikika kitu kinagonga, kinanyamaza, kinagonga tena. Fundi akazima haraka, akachomoa diski yenye masomo, akaijaribu kwenye mashine yake. Ikagonga vile vile.

"Imeungua?" nikamuuliza.

"Moto iliikalia siku mingi. Ventilateur nimeiweza. Hii, hapana."

"Na Dar je? Hakuna anayeweza?"

Alimtazama mtoto, hakunitazama mimi. "Unaweza kujaribu, mama."

Nililala nyumba ya wageni, kesho yake nikarudi Murungu. Jirani alikuwa amemkalisha mume wangu mlangoni kwetu. Alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea begi, nami nikamwambia yaliyotokea. Akafungua mdomo, ikatoka ile sauti aliyobaki nayo, ndefu, isiyo na neno. Mtoto akashtuka mgongoni, akaanza kulia. Sikujua nimbembeleze nani kwanza. Nikaenda jikoni, nikakaa chini bila kuwasha moto.

Diski niliituma Dar kwa dada yangu. Mafundi wawili waliishika, ikarudishwa ikigonga vile vile.

Binti yetu alichelewa kusema. Alipoanza, mimi aliniita mama. Baba yake, binti alimwita kwa kuiga ile sauti yake isiyo na neno, naye baba aligeuza kichwa na kuitika hivyo hivyo.