Kilicho Hai Hakifunikwi Uso

Siku moja ya kiangazi haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu. Jua lilikuwa utosini, upepo umelala, na kimbunga chembamba cha vumbi kilikuwa kinajizungusha peke yake mbele ya mabanda ya nguruwe. Kilizunguka, kikasimama mlangoni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa, kisha kikaanguka chini. Nguruwe wote walikuwa kimya. Wewe umewahi kupita kwenye banda la nguruwe mchana ukakuta kimya? Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, nami siku ile niliwaamini.

Ngoja nikueleze nilivyofika hapo. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla sijamaliza shule ya msingi, nikabaki na wadogo zangu. Sketi yangu ya shule niliikata ikawa kaptula ya Yohana, kitindamimba wetu. Ukubwa jalala, mwanangu; kila kinachotupwa kinakuangukia wewe. Nilifanya vibarua vya mpunga Bahi, nikauza togwa stendi, mwishowe nikapata kazi ya kulisha na kuosha nguruwe kwenye kituo kimoja cha utafiti nje ya mji wa Dodoma.

Watu walikiita nyumba ya pumzi. Walisema wataalamu wa humo wanawavuta wanyama pumzi na kuzifungia kwenye mitungi. Vijana wa bodaboda walinishusha mbali na geti. "Dada, tusalimie nguruwe wako," walinitania, "ila pumzi zao ziache hukohuko!" Nilicheka nao, maana mkate wangu ulikuwa humo. Lakini nikuambie, ukweli wenyewe haukuhitaji kuongezewa chumvi.

Kuna maradhi ambayo mapafu ya mtu hujaa maji na kukakamaa kwa ghafla, akazama akiwa nchi kavu. Daktari Rehema, mkuu wa kituo kile, alikuwa akitafuta namna ya kumpumulia mgonjwa wa aina hiyo kwa mashine, bila mashine yenyewe kumchana mapafu. Mapafu ya nguruwe yanakaribiana na yetu kwa ukubwa. Basi nguruwe alilazwa kwa dawa asihisi kitu, akapitishiwa mrija kooni, mapafu yake yakaoshwa kwa maji ya chumvi mpaka ule utelezi unaoyasaidia kufunguka ukatoka. Hapo akawa kama mgonjwa wetu. Mashine ikachukua kazi ya kupumua, nao wakawa wanapima. Nguruwe huyo hakuamka tena. Kazi ikiisha, aliongezewa dawa ya usingizi mpaka moyo ukasimama.

Pale palikuwa na desturi moja. Mnyama aliyelazwa hakuachwa peke yake. Mtu mmoja alikaa kichwani pake, mkono shavuni, bila kazi nyingine yoyote. Aliyeianzisha ni Mzee Ndahani, mtunza wanyama, Mgogo aliyezaliwa na kuzeeka kati ya ng'ombe. Siku ile ya kiangazi alinisalimu, "Mbukwa, mjukuu wangu," kama kawaida yake, kisha akanionyesha kigoda. "Leo utakaa wewe."

Nikakaa. Fuuu, hewa ikaingia. Kimya. Sss, ikatoka. Kifua kinapanda, kifua kinashuka, na mwenyewe hayupo. Jicho moja lilikuwa wazi nusu, likinitazama bila kuniona. Baada ya muda nikagundua kwamba nami napumua kwa mwendo wa mashine. Nikajaribu kurudi kwenye mwendo wangu nikashindwa. Kila nilipotaka kutoa, kifua changu kilisubiri ruhusa. Kisha wataalamu wakamgeuza kifudifudi, miguu imetandazwa, kichwa kimelazwa upande, na ulimi ukaning'inia nje, wa kijivu kama jivu la jana. Nikaona nimeshika maiti inayopumua. Kulikuwa na gunia safi karibu yangu, nikalichukua nikamfunika uso, kama tunavyowafunika watu wetu.

Sikumsikia Mzee Ndahani akija.

"Umefiwa?"

"Hapana, babu."

"Basi unayemfunika ni nani?"

"Amekufa huyu, babu. Iliyo hai ni mashine."

"Nani kakuambia? Umeuuliza ulimi wake?"

Akalivuta gunia. Ulimi haukuwa wa kijivu tena. Ulikuwa unaingia wekundu taratibu, kuanzia kwenye ncha, na mbele ya macho yangu ukaiva kama wa mnyama aliyetoka kunywa maji. Daktari Rehema, aliyekuwa akitazama vipimo vyake, akasema ndivyo ilivyo: mnyama akilazwa tumbo, upande wa mgongo wa mapafu unapata nafasi ya kufunguka. Sikumwelewa vizuri. Nilimwelewa mzee.

"Kilicho hai hakifunikwi uso," aliniambia. "Huyu hakuombwa ruhusa, wala hatapewa asante. Kutazamwa ndiyo heshima pekee tuliyonayo ya kumpa. Kuogopa, ogopa. Lakini ogopa huku unatazama."

Nilinuna, sikufichi. Kijana akikaripiwa huona ameonewa.

Miaka ikapita. Mzee Ndahani akapumzika kwao, nasi tukamzika. Yohana akawa kijana wa kubeba samaki kwenye bwawa la Mtera, akawa ananiletea kitoweo na utani. Msimu mmoja akarudi na homa na kikohozi, na kabla sijapoza uji nikaona pua zake zinatanuka, ngozi inazama katikati ya mbavu, midomo imekuwa na rangi niliyoijua. Sikungoja. Nilimpakia kwenye bajaji ya jirani hadi hospitali, wakasema mapafu yameshambuliwa vibaya, wakamlaza, wakampitishia mrija kooni.

Kesho yake baba mdogo akaja kutoka kijijini kwetu Haneti pamoja na shangazi. Muuguzi alituvisha barakoa akaturuhusu kuingia. Tukamkuta Yohana amegeuzwa kifudifudi, kichwa kimelazwa upande. Fuuu. Kimya. Sss. Shangazi alitoa sauti nyembamba, akafungua khanga yake begani, akamfunika mtoto kichwa chote.

"Mtu hulazwa hivi?" baba mdogo akanong'ona. "Hata maiti hatuilazi hivi. Huyu ameshakwenda, hapa wanampuliza tu kama kibofu. Na wewe ndiye uliyeyaleta haya. Umekaa na pumzi za wafu mpaka zimekufuata nyumbani."

"Baba mdogo, tungoje daktari."

"Daktari atamfufua? Baba yake sasa ni mimi. Naenda kuwaambia wachomoe, tumpeleke Haneti angali na joto."

Mwanangu, nisikudanganye. Kwa kitambo kidogo nilimwamini. Ni mkubwa wangu, nami sikusoma. Tena niliwatazama wote wawili, nikaona vifua vyao vinapanda na kushuka kwa mwendo wa ile mashine, nao hawajui. Chumba kizima kilikuwa na pumzi moja. Miguu ilitaka mlango.

Nikafunua khanga. Nikainama mpaka shavu langu likakaribia lake. Midomo iliyokuwa ya kijivu nilipomleta ilikuwa imeanza kupata damu. Nikambonyeza ukucha, ukawa mweupe, kisha wekundu ukarudi.

"Baba mdogo, njoo umtazame midomo."

"Sitazami."

"Basi usimsemee usiyemtazama."

Halikuwahi kutoka neno kama lile kinywani mwangu kwenda kwa mzazi. Daktari wa wodi alikuwa ameingia, akauliza msemaji wa familia ni nani. Baba mdogo akasema, "Mimi." Nikapiga goti, kwa sababu heshima ni heshima hata katikati ya ubishi. Nikasema, "Daktari, huyu ni baba yetu na tunamheshimu. Lakini aliyemlea Yohana ni mimi. Asichomolewe."

Daktari akatueleza kwamba tangu alipogeuzwa hewa inaingia vizuri zaidi kwenye damu, ila hawezi kutuahidi kitu. Baba mdogo akatoka bila kuaga. Shangazi alibaki. Aliikunja khanga yake, akaiweka magotini, akamshika Yohana nyayo.

Tulikaa hivyo kwa zamu, siku nyingi ambazo sikuzihesabu. Kisha ukafika mchana wakamtoa mrija. Alikohoa, akalia machozi bila sauti, akatazama huku na huku kile chumba kidogo, kitanda kikiwa kimoja tu.

"Dada," akanong'ona, "wale wengine wamekwenda wapi?"

"Wengine gani, Yohana?"

"Niliokuwa nao. Wengi. Hawasemi, wanapumua tu. Mimi nikichoka, wao wanaendelea."

Yohana hakuwahi kukanyaga nyumba ya pumzi, wala mimi sikuwahi kumsimulia ya humo. Nilimlowesha midomo kwa maji, nikakaa nikisikiliza kifua chake kikienda kwa mwendo wake mwenyewe, wa haraka, usio sawasawa, kama hatua za mtoto. Leo ana wanawe, na mmoja ni wewe unayesoma haya. Lile swali hajaniuliza tena, nami sijui kama analikumbuka.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Woga haukatazwi, ila usiupe khanga ufunike kitu kabla hujakitazama. Wakubwa zako waheshimu, wapigie goti, wapishe kiti. Lakini mgonjwa wako usimkabidhi kwa mtu anayeogopa kumwangalia usoni, hata kama ni mkubwa. Na dawa ikikuponya, au mashine ikakuvusha, usidhani imeanguka kutoka mbinguni. Kuna viumbe waliolala wasiamke ndipo watu wakajua namna ya kukuamsha wewe. Usiwacheke, na ukipewa kazi ya kuwashika, washike vizuri.

Mungu wa baba zako na mama zako akulinde na vumbi na homa ya nchi hii yetu kavu. Akupe ndugu wabishi wakati wa ugonjwa. Akupe pumzi ndefu, mwanangu, na moyo wa kuuliza ilitoka wapi.